Puto la Tano
Maputo manne tuliyadondosha kutoka kwenye ndege yajijaze gesi hewani na kupandisha kisanduku cha kupimia hali ya hewa. Yote yalipasuka. Mkuu wetu akanilaumu mimi, fundi wa kuyakunja, kana kwamba hizo mbingu nilizishona mimi.

La tano nililikunja kwa hasira. Tukalisukuma nje, parachuti ikalishika, mtungi wa gesi ukafyatuka, likajaa taratibu na kung'aa kama upara wa mkuu mwenyewe. Tukakumbatiana. Mkuu akaketi, akajifuta machozi.

“Sasa tusubiri vipimo,” akasema.

“Safari hii limepaa upesi sana,” rubani akasema. “Kisanduku mlikifunga?”

Nikatazama alichokalia mkuu.

“Bosi, hebu nyanyuka kidogo.”