Bibi Adai Talaka Mbele ya Kijiko

Badru alikuwa na shida moja tu duniani, na shida yenyewe ilikuwa imekaa mlangoni juu ya kigoda. Baba wa mchumba wake, Mzee Ridhiwani wa Mohoro, alishasema bila kumung'unya maneno: Mwanasiti haolewi mpaka msingi wa nyumba uonekane kwa macho. Kiwanja pale Kibiti kilikuwa kimoja, na juu yake ilisimama nyumba ya miti na udongo ya bibi yake, Salama, huyo mwenye kigoda, imeinamia barabarani utadhani inawachungulia wapita njia. Isipovunjwa, hakuna msingi. Hakuna msingi, hakuna ndoa. Basi!

Asubuhi hiyo Badru aliwaita mafundi wawili wajieleze mbele ya bibi, maana bila idhini yake nani angethubutu? Mudrick alikuja na kijiko chake, lile tingatinga la kuchimbia na kubomolea, kikinguruma mpaka kuku wakatokomea vichakani.

"Bibi, hii kazi ndogo kabisa," alijigamba. "Nagusa hapa, nagusa pale, puu! Mchana nimeshasawazisha."

Sadallah, fundi wa nyundo na sururu, akabinua mdomo. "Usawazishe na milango ya watu? Sisi tunafungua bati moja moja, tunang'oa fremu, ndipo tunaingia kwenye kuta. Hatuharibu kitu."

"Mtamaliza lini? Bwana harusi akishaota mvi?"

Watu walishajaa uwanjani. Bibi Salama akajifunga khanga vizuri, akamkazia macho mjukuu wake. Kwa utani wao, Badru alikuwa mumewe tangu siku aliyozaliwa.

"Haya, mume wangu! Unamvunjia nyumba mke mkubwa ili umjengee mke mdogo? Talaka yangu iko wapi? Nipe hapa hapa, mashahidi si hawa!"

Lo, watu walicheka! Mudrick alicheka mpaka akaegemea kijiko, Sadallah akadondosha sururu.

"Wivu wa nini na uzuri wote huo, mke wangu?" Badru akajibu, naye hoi kwa kicheko. Ndipo akauona mkono wa bibi. Mdomo ulikuwa unacheka, lakini vidole vimeng'ang'ania fremu ya mlango. Kicheko kikamkauka, akachuchumaa mbele yake.

"Bibi, tuache utani. Unaogopa nini?"

"Nitalala wapi?" akanong'ona. "Mama yako anataka nikakae kwake. Nitatandikiwa sebuleni, kila siku naambiwa karibu, karibu. Mtu anayekaribishwa kila siku, hapo ni kwake?"

Badru aliona aibu, aibu kwelikweli. Ramani ya nyumba alishamsimulia baba mkwe, akawasimulia mafundi, hata muuza chipsi aliijua. Bibi mwenyewe ndiye hakuambiwa. Akaokota kijiti, akamshika bibi mkono, akampeleka pembeni ya uwanja, akaichora yote mchangani.

"Hiki chumba cha mbele ni chako. Tangu mwanzo ni chako, ujinga wangu tu sikukwambia."

"Na mlango wake?"

"Ule ule uliokuwa umeung'ang'ania."

Bibi akapiga kigelegele kilichowashtua hata waliokuwa barabarani. "Sadallah, lete nyundo! Hilo lidude litautafuna mlango wangu. Na wewe Mudrick usinune, msingi utachimba wewe!"

Pigo la kwanza akalipiga mwenyewe. Udongo ukammwagikia kichwani, akacheka kama mwali, akataka kupiga tena. Ilibidi Badru amnyang'anye nyundo.

Alasiri mlango ulitoka mzima, na Badru akampigia simu Mwanasiti. Kabla hajasema lolote, bibi akaipora simu. Akachukua kigoda chake, akakiweka katikati ya kile chumba cha mbele pale mchangani, akakaa na vumbi lake kichwani.

"Mke mwenzangu, fanya haraka uje," akasema. "Mimi nimeshahamia."