Watu Kumi na Wawili wa Chumba cha Pili

Wakili Hebert alituonya kabla hajawasha runinga.

"Mtakayosikia yatauma. Hamtapiga kelele wala kutoka. Ukuta huu ni mwembamba."

Alisema hivyo akinitazama mimi, si dada yangu Nadine. Alikuwa ameshanijua.

Tulikuwa kwenye hoteli ya kando ya barabara kuu, upande wa pili wa mto. Chumba cha jirani walikaa watu kumi na wawili walioitikia tangazo la gazeti: dola mia moja na chakula cha mchana kwa kusikiliza kesi na kusema wanavyoiona. Mawakili wa Texas hufanya hivyo siku hizi kabla ya kwenda mahakamani. Hukusanya watu wanaofanana na wale watakaoamua kesi yenyewe, hubadilisha majina, kisha husikiliza wakibishana. Watu wale wakiwa upande wetu, Hebert angeendelea na kesi. Wakitukataa, angeiacha. Yeye alikuwa wakili wa tano. Wanne wa kwanza walitukataa kwa simu, hata jina la mtoto hawakuuliza.

Mtoto ni Josie, binti wa Nadine. Alikuwa na miaka mitano alipopelekwa chumba cha dharura, shingo imekakamaa, analia akiona taa. Wakampa dawa ya homa wakamrudisha nyumbani. Kesho yake Nadine akampeleka tena, wakamrudisha nyumbani tena. Siku ya tatu hakulia; homa ya uti wa mgongo ilikuwa imefika ubongoni. Sasa ana miaka saba, analishwa kwa mrija tumboni, na Nadine humbeba mwenyewe kutoka kitandani hadi bafuni, kutoka bafuni hadi kwenye kiti cha magurudumu. Mgongo wake umeanza kumgomea. Tulichotaka ni muuguzi wa mchana na mashine ya kumnyanyulia mtoto. Basi.

Lakini sheria mpya inasema daktari wa chumba cha dharura hana kosa mpaka uthibitishe kwamba alijua hatari na hakujali. Kukosea tu hakutoshi. Na mimi ni nani wa kulalamika? Ile kura ya Septemba, ya kuwakinga madaktari na kesi, ilikuwa kura yangu ya kwanza maishani, nikapiga ndiyo. Nililikita bango mbele ya nyumba ya mama: OKOA MADAKTARI WETU, ZUIA MAWAKILI. Nadine alinishikia nguzo nikigonga nyundo. Tulicheka siku ile.

Runinga ikawaka. Kamera ya darini mle chumbani ilituonyesha watu wale kutoka juu, vipara na kofia, wakila mikate yenye nyama ya moshi. Walikuwa wamemaliza kusikia hadithi ya mtoto aliyeitwa Amber. Sasa walimchagua wa kuwaongoza, na aliposimama nilihisi mkono wa Nadine ukinibana.

Alikuwa Shemasi Wendell Stubbs. Anaishi huko ng'ambo ya mto, lakini kila Jumapili huvuka kuja kusali kwetu. Ndiye aliyeijenga njia ya mbao ya kiti cha Josie mlangoni kwa Nadine, siku tatu juani, akakataa hata soda.

"Huyu anatujua!" nilimnong'oneza Hebert.

"Anaijua kesi?"

Nadine alitikisa kichwa. Kanisani alisema homa tu. Kwamba mtoto alirudishwa mara mbili hakumwambia mtu, maana kwetu anayemshtaki daktari hutazamwa kama aliyeiba sadaka.

"Haya, ndugu zangu," Stubbs alianza. "Nani anaona huyu mama apewe fidia?"

Mikono mitatu.

"Mara mbili walimrudisha, jamani!" alisema mwanamke mmoja mnene. "Mara mbili! Hata fundi wa magari angeshtuka."

"Fundi wako angekushtua kwa bei," alidakia mzee mmoja, wakaangua kicheko.

"Dada, nakusikia," Stubbs akamwambia kwa upole. "Mimi pia nina wajukuu. Lakini jiulize, nani alimpeleka mama huyu kwa wakili? Wale jamaa wa kwenye mabango, meno yote nje. Binamu yangu anamjua mtu aliyeteleza dukani, akashtaki, leo ana boti. Boti! Na hospitali yetu imebaki na daktari mmoja wa kuzalisha. Huyu naye akikimbia, mabinti zetu watazalia wapi?"

"Kweli kabisa, Shemasi," aliitikia yule mzee.

"Mtoto kuugua ni huzuni. Lakini mama mwenye imani hageuzi mtoto wake kuwa tiketi ya bahati nasibu."

Nilisimama. Kiti kilianguka. Nadine alinidaka mkanda wa suruali.

"Kaa chini, Dwight."

"Niache nimwambie! Akikuona wewe atabadilika!"

"Ukiingia mle watajua ni mimi." "Sitaki kanisa zima limseme Josie. Kaa, nimesema."

Nikakaa. Mpaka leo sijui kwa nini.

Walipiga kura. Tisa walikataa, watatu wakakubali. Mwanamke mnene alilia kidogo, kisha akaomba chumvi.

Hebert akazima runinga.

"Samahani, mama. Kuwalipa madaktari wa kutoa ushahidi ni dola laki moja, hapo hatujamwona hata jaji. Siwezi."

"Ungepata fungu kubwa ungeweza," nilimwambia. "Mwizi wewe."

Hakukasirika. Alikuwa akikunja waya. "Hata wewe," alisema, "ungekaa mle ndani, ungenyoosha mkono upande wao."

Nikachukua mkoba wa Nadine, tukatoka.

Jumapili, baada ya ibada, Stubbs alitufuata hadi kwenye gari. Alimpapasa Josie kichwani, kisha akamtilia Nadine bahasha mkononi.

"Nilipata kibarua cha siku moja wiki hii, cha mawakili. Ukisikia habari za huyo mama, mwanangu! Anamtafutia utajiri mtoto mgonjwa. Nikakuwaza wewe, unavyoubeba mzigo wako bila kumsingizia mtu. Ni mia nzima. Mnunulie Josie kitu."

Nilimtazama Nadine. Nilisubiri aseme. Nilimwomba kwa macho aseme.

"Asante, Shemasi," alisema. "Mungu akubariki."

Aliitia bahasha kwenye mkoba, akainama kumtoa Josie kwenye kiti. Mgongo ulimkwama katikati. Alibaki vile vile, kainama, mtoto mikononi, uso ukiwa mwekundu.

"Mshike miguu," aliniambia.

Nikamshika miguu. Shemasi akatushikia mlango.