Mdomo wa Tangi

Dada huyo alikuwa amepandishwa cheo kuwa msimamizi juzijuzi tu, na tayari mafundi wake wawili, kaka na mdogo wake, walishambatiza jina la Mama Mkwe. Kila kitu alikikagua, kila jambo aliliuliza mara mbili. Kabla ya hapo alikuwa mwenzao, wakila pamoja nyuma ya ghala la kiwanda cha sabuni.

Asubuhi hiyo walitakiwa kusafisha tangi la mafuta machafu, lililokaa limefungwa tangu masika.

"Kwanza feni ipulize hewa humo ndani," alisema. "Naifuata stoo. Asiingie mtu."

"Sawa, Mama Mkwe," alijibu kaka mtu, huku akijifunga kamba kifuani kwa mbwembwe. "Nikifa, usinirithi buti."

Walicheka. Hata yeye alicheka.

Aliporudi akisukuma feni, mdogo mtu alikuwa amelala kifudifudi juu ya tangi, kichwa ndani ya tundu.

"Kaka! Acha utani, bwana! Kaka!"

Kaka mtu hakusubiri feni. Alikuwa ameshuka "kuchungulia tu".

Mama Mkwe alipanda ngazi. Chini, tochi ya kofia ilimulika ukuta mmoja, wala haikusogea. Harufu ikampanda puani, akarudisha kichwa upesi. Mdogo mtu alikuwa ameshaanza kushusha miguu. Mama Mkwe akamdaka ukosi.

"Niachie! Ndugu yangu anakufa!"

"Ukishuka mtakufa wawili!"

"Kwa sababu si wako! Angekuwa wako ungeshuka!"

Maneno yalimwingia kama msumari. Je, kama kijana yuko sahihi? Kama anamzuia mtu kumwokoa ndugu yake wa damu? Akatamani awepo mtu wa kumuuliza. Hakuwepo. Wa kuulizwa alikuwa yeye.

Akaketi juu ya tundu, akaliziba kwa mwili wake.

"Nipige ukitaka, lakini hupiti. Shika kamba! Mlinzi! Chomeka feni, kisha njoo huku!" alimwita mlinzi aliyekuja mbio kutoka getini.

Kijana alimtazama kwa chuki ambayo hakuwahi kuiona machoni mwa mtu. Kisha akashika kamba.

Mlinzi akapanda na bomba la feni, likatumbukizwa ndani, Mama Mkwe akasogea kando. Wakavuta watatu. Mwili ukakwama kwenye vipago vya ngazi ya ndani. Wakalegeza, wakavuta tena, viganja vikiwaka moto. Kaka mtu alitoka na midomo ya buluu, mzito kama gunia la chumvi lililolowa. Mama Mkwe akampulizia pumzi kinywani, mara nyingi, akilia huku anapuliza, mpaka jamaa akakohoa.

Jioni daktari alisema atapona. Kwenye korido ya hospitali Mama Mkwe alishindwa kushika kikombe cha chai. Mdogo mtu akaja, akakipokea, akamshikia.

"Angekufa, dada, ningekuchukia mpaka kaburini."

"Najua."

"Na kesho meneja akisema tuendelee?"

"Hatuendelei. Nitamwambia mwenyewe." Alijua meneja alikuwa mtu wa kufoka.

"Utaniona pembeni yako," kijana alisema.

Meneja alifoka kweli, tena sana. Lakini tangi halikuguswa mpaka vipimo vya hewa vilipoletwa, na Mama Mkwe alisimama mbele yake akitetemeka mwanzo hadi mwisho, bila kurudi nyuma.