Babu wa Tisa

Nilichagua siku mbaya kwenda kumposa Hodan: Julai mosi, mwaka 2006. Siku hiyo baba yake, Mzee Warsame, huitundika bendera ya Somalia juu ya televisheni yake hapa Alexandria, Virginia, na kukumbuka jinsi upande wa Mwitaliano na upande wa Mwingereza zilivyoungana kuwa taifa moja. Yeye ni wa Mogadishu. Ukoo wangu ni wa Hargeisa, wanakosema muungano ule ulikwisha kufa na wao wana nchi yao, ingawa mwaka huo hakuna serikali iliyokuwa ikiitambua. Mimi mwenyewe nilizaliwa Isiolo, Kenya.

Desturi yataka mposaji aje na wazee wa ukoo. Huku sina hata mmoja. Nikamchukua Simiyu, Mkenya mwenzangu, Mbukusu wa Webuye, ambaye teksi yake na yangu hupanga foleni moja uwanja wa ndege. Alivaa tai yake ya kanisani.

Mzee alimtazama, akaniuliza kama ukoo wetu siku hizi unazaa Wabukusu. Simiyu mwenyewe akacheka. Jikoni alikokuwa Hodan, nilisikia vikombe vikinyamaza.

"Siwezi kumwoza binti yangu kwa mtu wa nchi isiyokuwapo," mzee akasema.

Nikamwambia kwamba mpaka uliotutenga waliuchora Mwingereza na Mwitaliano, na kwamba Mwingereza huyohuyo alimtoa baba wa babu yangu Hargeisa, akampa bunduki, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha akamwacha Isiolo. "Adeer," nikamwita, kama Msomali anavyomwita ami, "hawakumuuliza babu yako wala wangu."

"Babu yako yupi?" akauliza. "Haya, wahesabu."

Hilo nilikuwa nikilisubiri, maana Msomali hujitambulisha kwa kuwahesabu mababu zake. Kisomali changu ni cha kuokoteza, kwa hiyo mababu zangu kumi na wawili nilikuwa nimewatungia shairi la Kiswahili, mizani kumi na sita kila mstari, bila kufundishwa na mtu. Mwezi mzima nililighani kwenye foleni ya teksi. Nikasimama. *Jama zao la Robile, Robile zao la Hirsi.* Sauti ikapanda, mikono ikaenda yenyewe. Nilipofika kwa babu wa tisa, jina likanitoka kichwani. Kwa Msomali, kumsahau babu mbele ya mkwe ni sawa na kuvuliwa nguo.

"Samatar," Simiyu akasema taratibu. "Samatar zao la Geedi." Akaendelea peke yake hadi wa kumi na mbili, akafunga kwa kibwagizo changu. Mzee alipomuuliza kayajulia wapi, akajibu, "Kwenye foleni ya teksi."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akashika kiti. Akasema ana wapwa watatu hapa Virginia wasiomjua hata babu wa nne, na huyu Mkristo wa Webuye anawajua mababu wote wa mwenzake kwa sababu ya foleni.

Kisha akanigeukia. "Nchi yako bado siitambui."

"Nami siwezi kuikana, adeer."

"Vizuri. Tutabishana mpaka wajukuu wachoke." Akainua sauti kuelekea jikoni. "Hodan, leta chai. Kikombe cha mshenga kiwe kikubwa."