Spika Mbili, Milango Miwili

Siku kiwanda cha spika kilipofilisika, Masikio alikuwa na spika moja sebuleni. Ya pili ilikuwa kiwandani, imepelekwa kutengenezwa, na sasa imelala nyuma ya kufuli la mfilisi, ofisa anayeshika mali ya waliofilisika.

Mpima ardhi huyu aliitwa Masikio kwa sababu alidai anaweza kutofautisha waya wa shaba na wa fedha kwa kusikiliza tu. Mtu mwenye akili zake angepeleka spika zote mbili. Lakini wenye spika zile hawavumilii nyumba ikae bubu, na wameaminishana kwamba spika ikihamishwa kutoka sakafu iliyoizoea, huugua. Basi akabaki na ya kushoto, ndefu kama kabati, ikitoa nusu ya kila wimbo: ngoma tele, mwimbaji haonekani.

"Baba watoto," mkewe akamwambia, "ulilitoa kochi langu ili jeneza hilo lipate nafasi. Nikanyamaza, maana uliniahidi muziki. Jumamosi kaka yangu analirudisha kwa pikapu, na jeneza linaondoka nayo."

"Mke wangu, kiwanda kimekufa! Hazitengenezwi tena!"

"Pole. Lakini maiti hafugwi sebuleni."

Mfa maji haachi kutapatapa. Masikio alivuka korido akagonga kwa jirani, daktari wa meno, mwenye spika kama zake. Walikuwa hawasalimiani tangu wagombane kama waya ulazwe chini au uinuliwe kwa vibao. Daktari alifungua, macho mekundu. Nyuma yake ilisimama spika moja. Ya kulia.

"Na wewe?" Masikio akauliza.

"Na mimi. Ningepeleka zote nibaki bubu, jirani?"

Wakakumbatiana kama wafiwa. Matanga hayakudumu.

"Lete yako kwangu," daktari akasema.

"Yangu imezoea vigae. Kwako mbao! Unataka kuiua? Lete yako."

"Yangu haivuki kizingiti."

"Basi tukae na nusu zetu kama wajane!"

Masikio alishageuka aende zake, mkono ukagusa futikamba mfukoni. Akasimama. Kila spika ingeweza kusogezwa hadi mlangoni pake bila kuacha sakafu yake. Milango inatazamana. Waya utapita koridoni, juu ya vibao, daktari akasisitiza, na Masikio akakubali shingo upande. Akapima, akapima tena, akachora alama ya chaki mahali ambapo wimbo ungekamilika masikioni mwa aliyekaa hapo: mkabala na pipa la taka.

Jumamosi shemeji akapanda ngazi na kochi, yeye na dereva wake, wanahema kama mafahali. Walipofika koridoni mikono ikawakataa. Wakalitua papo hapo, juu ya chaki.

"Shemeji, wimbo mmoja tu," Masikio akasihi. "Halafu chukua hata mimi."

Mkewe akatoka na ufagio, akaliona kochi lake, akalikalia kama mshindi. Muziki ukaanza. Ngoma zikaingia kushoto, magitaa kulia, na mwimbaji mwenyewe akasikika kana kwamba amesimama mbele yake, juu ya pipa la taka, karibu amshike mkono. Ufagio ukaanguka. Mke wa daktari alitoka kuja kufoka, akajikuta ameketi naye.

Wimbo ukaisha. Shemeji akakunja mikono ya shati. "Haya dada, nibebe spika?"

"Iguse uone."

"Kochi je, niliingize ndani?"

"Limeshafika."

Masikio karibu aruke. Spika imepona! Akasogea kwa adabu. "Mama watoto, tupishe kidogo. Hapo ndipo penyewe, nimepapima."

"Umepima wewe, nimekaa mimi. Kiwanda si kimefilisika? Mfilisi wa huku ni mimi. Weka wimbo mwingine."

Akaweka mwingine. Kisha yeye na daktari wakaketi kwenye ngazi, huyu upande huu, yule upande ule, kila mmoja akisikia nusu yake. Bahati nzuri walikuwa wameshazoea.