Rwamba Arudi Ofisini na Mkebe wa Maziwa

"Tutakupigia," aliambiwa kila mmoja wa waombaji kazi sita, na Rwamba akatoka kwenye ofisi ya ushirika wa maziwa akitabasamu. Kazi ilikuwa moja tu, ya kupima maziwa ya wakulima, naye aliitaka kwa kufa na kupona. Miaka miwili amekaa kijijini Kanja na diploma yake ya mambo ya maziwa, akikata majani ya ng'ombe! Nani hangechoka?

Furaha yake iliishia zizini kesho yake asubuhi. Alikuwa anakamua, povu limejaa ndoo, maziwa yanatoa mvuke, mara mkono ukasimama.

"Ai! Nimejiharibia mwenyewe!"

Mama yake, Marcella, akauliza kulikoni. Ilikuwa hivi. Kwenye intavyuu, meneja, Madam Kananu, alimuuliza: kipimo kikionyesha maziwa ni mepesi, utafanya nini? Akajibu chapuchapu, kifua mbele: nitayakataa, yametiwa maji. Kumbe maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi, yenye joto na povu, hupima mepesi hata bila tone la maji. Alifundishwa chuoni, akasahau siku yenyewe.

Marcella aliacha kufagia zizi. Mwaka jana maziwa yake yalikataliwa papo hapo ushirikani, eti yana maji, mbele ya majirani. Tangu siku hiyo jirani yake Bundi, wa ng'ambo ya barabara, hanywi chai kwake bila kuuliza, "Hii ni ya ng'ombe ama ya mto?"

"Hata wewe, mwanangu?" Marcella akasema. "Ungeyakataa?"

Hilo lilimuuma Rwamba kuliko kukosa kazi. Kaka yake Mbogo akamwambia atulie, angoje simu, kwani nani huenda kujishtaki kwa mwajiri? Wapi! Rwamba alijaza mkebe, akaufunika, akarukia bodaboda hadi ushirikani.

"Madam, sikuja kuuliza kama nimepata," alisema, akiuweka mkebe mezani. "Nilijibu vibaya. Tafadhali pima haya."

Madam Kananu akatumbukiza kipimo. Ishirini na nne, na maziwa safi hayashuki chini ya ishirini na nane. "Msichana, haya yana maji."

"Naomba tuyaweke kwa beseni la maji baridi, tungoje."

Wakangoja nusu saa nzima, meneja akitazama saa, Rwamba akimwomba Mungu kimoyomoyo. Walipopima tena, ishirini na tisa! Madam Kananu akavua miwani.

"Na sisi tumewarudisha watu wangapi?" aliuliza polepole.

"Mmoja namjua," Rwamba akasema. "Ni mama yangu."

Simu ilikuja Ijumaa. Marcella alipiga vigelegele mpaka ng'ombe akashtuka akamwaga ndoo, na siku hiyo hakuna aliyejali.

Jumatatu, Rwamba akiwa ndani ya koti jeupe, wa kwanza kwenye foleni alikuwa nani kama si Marcella, mkebe wake ukitoa mvuke? Nyuma yake watu walirefusha shingo, Bundi akiwa mbele yao.

Rwamba aligusa mkebe. "Mama, bado yana moto. Weka kwa maji baridi, ungoje kama wengine."

Foleni ikaangua kicheko. Marcella akakaa juu ya kreti, miguu amekunja, ametulia tuli. Zamu yake ilipofika, Rwamba alisoma kipimo kwa sauti iliyomfikia hata mtu wa mwisho: "Ishirini na tisa! Safi!"

Marcella aliinuka, akajifunga leso vizuri, akageuka.

"Umesikia, Bundi? Njoo jioni. Chai iko."