Uwanja wa Mbwa Kando ya Mbuzi wa Jumbe

Tangazo lilitakiwa libandikwe getini ili kila mpita njia alisome, na Murielle hakumwachia mtu kazi hiyo. Alipanda juu ya ndoo, akaligongomea kwenye nguzo, akashuka, akarudi nyuma mpaka katikati ya barabara ya vumbi kulitazama. Lilisema, kwa Kiingereza kirefu cha maofisini, kwamba mwenye ploti hii anaomba kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi, kutoka kilimo kuwa uwanja wa mazoezi ya mbwa, na kwamba mwenye pingamizi alilete kwa maandishi.

"Nani atapinga?" alimwuliza mumewe, François. "Mbwa kukimbia kwenye majani?"

François alikuwa fundi cherehani kule Turffontein, mtu wa kuogopa karatasi yoyote yenye muhuri. "Watu wanapinga hata harusi," alisema.

Murielle alicheka. Yeye hakuwa mtu wa kuogopa. Alipofika Johannesburg kutoka Bukavu, kazi ya kwanza aliyopata ilikuwa ya ulinzi, na siku ya kwanza walimkabidhi jibwa ambalo wenzake walilikataa kwa kuwa lilikuwa limeshamng'ata mlinzi mmoja. Hakulipigia kelele wala hakulibembeleza. Aliketi kando yake kwenye kiti cha plastiki akala mkate wake taratibu, na jua lilipopanda, jibwa likaweka kichwa juu ya kiatu chake. Tangu hapo akajua kazi yake duniani ni ipi. Baadaye aliacha ulinzi, akawa anafundisha mbwa wa watu, nyumba hadi nyumba, na kila alikokwenda aliona jambo lile lile: mbwa wa mji huu huzaliwa, hukua na hufa ndani ya ukuta. Wenyewe wanawapenda, lakini wakiwatoa nje bila kamba wanaogopa magari, wanaogopa mbwa wengine, wanaogopa kesi. Wanachokosa ni mahali penye uzio mzuri na geti la kufungika, mahali mtu ataingia na mbwa wake peke yake, amwachie akimbie mpaka achoke.

Mahali hapo yeye na François walikuwa wamepanunua. Ilikuwa ploti ya kusini, ukishaiacha Turffontein na uwanja wake wa farasi nyuma, huko nyumba zinakoanza kuachiana nafasi. Zamani lilikuwa shamba la mahindi. Sasa lilikuwa limejaa magugu ya kufika kiunoni, lakini Murielle kila akilitazama aliona nyasi zilizokatwa na mbwa wanaokimbia.

Pingamizi likaja. Lilikuwa moja tu. Afisa wa mipango miji alimpigia simu kumweleza kwamba jirani wa upande wa juu, mfugaji wa mbuzi, hataki mbwa, na kwamba sasa itabidi kifanyike kikao cha kuwasikiliza wote wawili. Akamtajia jina: Jumbe Mwinyihaji.

"Jumbe?" Murielle alisema. "Huyu si ni mtu wa Kiswahili?"

Hakungoja kikao. Alinawa uso, akajifunga kitenge safi, akapanda kwa jirani.

Kwa Jumbe kulikuwa na mazizi mawili ya mbuzi na kibanda cha mabati kilichopakwa rangi ya kijani. Mwanamke aliyekuwa akichambua mchicha barazani aliinua uso.

"Hodi! Jambo yenu, mama. Mimi ni Murielle, jirani yenu wa hapa chini."

"Yule wa mbwa?" mwanamke aliuliza, kisha akajishika mdomo na kucheka. "Karibu, dada. Mimi Mwanaasha. Mzee! Njoo, mgeni wako."

Jumbe alitoka zizini akifuta mikono. Alikuwa mtu wa Tanga, mwenye ndevu nyeupe zilizonyolewa vizuri. Alingoja kidogo, kama anayetarajia shikamoo, na ilipokuwa haiji aliketi.

"Najua ulilojia," alisema.

"Nilikuwa nataka nikuone uso, papa Jumbe. Mtu akinikatalia, napenda anikatalie macho kwa macho."

"Basi nitazame. Sina ugomvi na wewe. Nina ugomvi na mbwa." Akanyoosha kidole kwenye zizi. "Mwaka juzi mbwa wa kuzurura waliingia pale. Asubuhi natoka kuswali, nakuta mbuzi wangu wamelala kama nguo zilizoanguka kwenye kamba. Hata hawakuwala. Waliwaua, wakaenda zao. Mwanaasha hakuweza kuingia zizini wiki nzima."

Mwanaasha aliacha kuchambua mchicha.

"Pole sana," Murielle alisema, na alimaanisha. "Lakini hao hawakuwa na mwenyewe. Wangu watakuwa ndani ya uzio, kila mmoja na mtu wake, na mimi niko hapo. Mbwa niliyemfundisha nikimwita, anakuja. Hata kama kuna nyama mbele yake."

"Wewe unajiamini mno, bibie."

"Kwa mbwa, ndiyo."

Jumbe alitupa macho mpakani. "Haya. Walete. Simamisha wavu pale mpakani, nami nitawaleta mbuzi wangu upande wangu. Tuone."

"Jumamosi," Murielle alisema, na mkono aliutoa yeye kwanza.

François aliposikia alishika kichwa. "Umempa mtu anayekupinga nafasi ya kukushinda!"

"Nimempa nafasi ya kuona."

Jumamosi asubuhi walisimamisha wavu mrefu kati ya ploti mbili. Murielle aliwaleta mbwa watatu wa wateja wake, mmoja wao jibwa la ulinzi la aina ya boerboel, lenye kichwa kama ndoo, lililoitwa Bruno. Upande wa pili, Jumbe aliwaachia mbuzi, nao wakatawanyika wakila.

Murielle aliwafungua mbwa. Walitoka mbio, ndimi nje, masikio yakipepea, na Bruno alipowaona mbuzi alielekea kwenye wavu kwa kishindo. Murielle alipiga mluzi mara moja. Bruno alikata kona hatua chache tu kabla ya uzio, akarudi, akaketi miguuni pake. Wale wawili walimfuata. François, aliyekuwa amefumba macho, aliyafumbua na kupiga makofi.

Lakini Murielle hakuwa akiwatazama mbwa tena. Alikuwa akiwatazama mbuzi. Mluzi ulikuwa umemrudisha Bruno, lakini hofu haikusikia mluzi. Kundi zima lilikuwa limekimbilia pembe ya mwisho, likijibana, likipandana, na mbuzi mmoja mwenye mimba kubwa alikuwa amesukumwa kwenye seng'enge na mguu wake wa nyuma ukanasa. Alilia kama mtoto.

Murielle aliwafunga mbwa kwenye gari, akauvuka wavu na kitenge chake kikachanika. Alipofika, Jumbe alikuwa amepiga magoti akimshika mbuzi kichwa. Alisita alipoiona mikono ya Murielle, mikono iliyotoka kushika mbwa. Naye akaelewa, akaipangusa kwa mchanga na majani, akashika seng'enge tu, si mnyama, akaikunja mpaka mguu ukachomoka. Mbuzi alisimama akitetemeka. Damu ilikuwa kidogo, mfupa mzima.

Wakakaa chini wote wawili wakihema.

"Mbwa wako wamesikia," Jumbe alisema hatimaye. Haikuwa rahisi kwake kulisema.

"Mbwa wangu wamesikia, na wewe uko sawa," Murielle alisema. "Hata mbwa wakiwa malaika, mbuzi hawajui. Uwanja hauwezi kukaa hapa. Nimekosea kuuchora hapa."

"Murielle!" mumewe aliita kutoka ng'ambo, kwa sauti ya mtu anayeona nyumba yake inaungua.

"Nimesema nimekosea kuuchora hapa," Murielle alirudia, safari hii kwa sauti ya kumfikia mumewe. "Sikusema siujengi."

Jioni ile, kabla jua halijazama, aliipima ploti yote kwa miguu. Chini, karibu na mikaratusi, ardhi ilikuwa imeinama kidogo, kiasi kwamba ukisimama pale huoni zizi la Jumbe wala zizi halikuoni. Uwanja ungekaa kule. Ungekuwa mdogo kuliko alivyoota, lakini ungetosha mbwa kufika kasi yake yote. Huku juu, upande wa mbuzi, shamba lingebaki shamba: mahindi mazito kutoka mwanzo hadi mwisho wa mpaka, na nyuma yake ua wa miti ya miiba. Na kwa kuwa yeye hakuwa mkulima, alikwenda kumwuliza Mwanaasha kama angependa kulilima na kuvuna mwenyewe.

Mwanaasha hakumngoja mumewe ajibu. "Nitaanza na mchicha," alisema. "Mahindi yakipanda, maboga katikati."

Mchoro mpya ulipelekwa, tangazo jipya likabandikwa. Jumbe hakuleta pingamizi jingine. Lakini lile la kwanza pia hakuliondoa, na Murielle hakumwuliza kwa nini. Alijiambia kwamba ameshampa Jumbe neno lake, hana haja ya kumbembeleza tena. François ndiye aliyekosa usingizi.

Kikao kilifanyika kwenye ofisi za jiji, Braamfontein, katika ukumbi wenye meza ndefu na mitungi ya maji. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye miwani shingoni. Murielle alieleza ombi lake akiwa amesimama wima: mbwa wa mteja mmoja kwa wakati mmoja, uzio wa kumzidi mtu urefu, mageti mawili, kinyesi kuokotwa, kufunga kabla ya giza. Alijibu kila swali bila kutafuna maneno, na pale asipojua alisema hajui, atauliza.

Kisha akaitwa mpinzani. Jumbe alisimama na kofia yake nyeupe ya viua, akasema kwa Kiingereza cha kukatakata kwamba angependa kuzungumza Kiswahili.

Watu wa mezani walitazamana. Hakuna aliyejua mapema kwamba mkalimani angehitajika. Mwenyekiti alianza kufungua kalenda kuahirisha.

"Hapana," Jumbe alisema. "Nimewaacha mbuzi. Huyu atafsiri." Akamwonyesha Murielle.

"Lakini huyu ndiye unayempinga," mwenyekiti alisema.

"Ndiyo. Huyu."

Mwenyekiti alimwuliza tena kama anakubali kwa hiari yake, akaandika, kisha akamwomba Murielle aje akae kati yao. François aliinamisha kichwa.

Jumbe alianza. "Mbwa ni mbwa. Siwapendi, na sitawapenda."

Murielle alitafsiri.

"Mate yao yakinigusa nguo siwezi kuswali nayo mpaka niitwaharishe. Hilo si la kuchekwa."

Murielle alitafsiri, na alipofika kwenye neno la kutwaharisha alilieleza polepole, mpaka alipohakikisha hakuna anayetabasamu.

"Mama huyu ni mkaidi, na anajiamini kupita kiasi."

"Anasema mwombaji, yaani mimi, ni mkaidi, na najiamini kupita kiasi," Murielle alisema kwa Kiingereza, uso mkavu. Ukumbi ulicheka. Jumbe hakucheka.

Alieleza habari ya Jumamosi ile, mbuzi na seng'enge, na mchoro uliobadilika. Alisema ameuona, na anauridhia. Kisha akaongeza jambo ambalo Murielle hakuwahi kulisikia. Siku za kuelekea Idi ya kuchinja, alisema, watu hujaa kwake kuchagua wanyama, wengine na watoto wadogo, magari mpaka barabarani. Siku hizo anataka uwanja ufungwe kabisa, na iandikwe kwenye kibali.

Murielle alipiga hesabu. Hizo zingekuwa siku za baridi kavu na jua zuri, siku ambazo wateja wake wangezipenda kuliko zote. Angeweza kusema "apunguze shughuli" badala ya "afunge kabisa", na nani angejua? Alivuta pumzi, akalitafsiri neno kwa neno, pamoja na "kabisa".

"Asante," mwenyekiti alisema. "Sasa rudi kwenye kiti chako, utujibu kama mwombaji."

Murielle alihama kiti. "Nakubali," alisema. "Siku hizo mimi mwenyewe nitasimama barabarani niwaonyeshe wateja wake pa kuegesha magari. Lakini na mimi nina sharti. Mbuzi wake wasivuke kuja kula mahindi yatakayokuwa kwangu. Yatapandwa na mke wake, lakini yatakuwa kwangu."

Safari hii Jumbe alicheka, tena kabla ya mtu yeyote kumtafsiria.

Nje, kwenye ngazi, Murielle alimsimamisha. "Papa Jumbe. Wewe Kiingereza unasikia!"

"Nasikia vizuri sana. Kukisema ndiko kunakonishinda mbele ya wakubwa." Alivaa viatu vyake sawasawa. "Nilitaka kujua utanisemea nini nikiwa sina mdomo. Na lile pingamizi, ningeliondoa, mapatano yetu yangebaki maneno ya barazani. Nimetaka yaandikwe. Kesho wewe unaweza kuuza, mimi naweza kufa."

"Hukuniamini."

"Leo nimekuamini," Jumbe alisema, akaenda kutafuta basi.

Kibali kilitoka kabla ya mvua, na masharti yote ndani yake, hata la Idi. Walichimba nguzo, wakavuta wavu, wakakata nyasi. Walipomaliza, mvua zilikuwa zimenyesha vya kutosha, na juu mahindi ya Mwanaasha yalikuwa yameshampita mtu urefu.

Mteja wa kwanza alikuja na mbwa mzee kutoka ghorofa moja ya Doornfontein, mbwa aliyezoea ngazi na saruji tu. Kamba ilipofunguliwa alisimama pale pale, mguu mmoja juu, akinusa majani kama anayeuliza kama yanaruhusiwa. Mwenyewe alimsukuma kidogo. Hakwenda.

"Mwache," Murielle alisema. "Ana siku nzima."

Juu kwenye mahindi kulisikika mchakacho. Mwanaasha alikuwa amesimama na jembe lake, na nyuma yake, kwa mbali, ilionekana kofia nyeupe.

"Mbona hakimbii?" Jumbe aliuliza kwa sauti.

"Atakimbia!"

Mbwa aliweka mguu chini. Akaenda hatua mbili, akageuka kumtazama mwenyewe, kisha akaanza kukimbia polepole upande upande kama mzee anayevuka barabara. Halafu kitu fulani kikamjia mwilini, akajikunja, akajikunjua, akaondoka kuelekea mikaratusi kwa kasi ambayo hakuna aliyedhani anayo. Mwenyewe alipiga kelele za furaha. Murielle alifunga geti la pili, akalitikisa kuhakikisha, kisha akaegemea nguzo na kutazama.